FUNDI ANAJIBU: Gurudumu la rimorki kwa pikapu, matobo yanaingia lakini kazi haiingii

Baba mmoja wa Kikula ametuandikia barua. Tunaitoa hapa kwa kifupi, kwa sababu tunajua watu wengi wa Likasi, Kambove na Panda wanaulizana jambo hili hili.

«Niko na pikapu Toyota Hilux 4x4. Ndiyo inalisha jamaa yangu: leo samaki ya Kapolowe, kesho makala, kesho kutwa unga. Mapine mbili ya mbele imekwisha, waya inaonekana. Sasa mutu mumoja anauzisha magurudumu ine ya rimorki ya kompresa, yenye kutoka mu kampuni. Iko mazima, janti na pine pamoja. Bei ya yote ine ni sawa bei ya pine moja mupya. Tulijaribu moja: matobo yote sita iliingia muzuri. Bibi yangu anasema tuuze. Shofere anasema hapana. Nifanye namna gani?»

Asante, baba, kwa barua yako. Tunajibu kwanza, kiisha tutaeleza: usitie magurudumu yale chini ya pikapu. Shofere wako amesema kweli. Lakini mama naye hakukosea kuhesabu franka, na mwishoni tutaonyesha kwamba magurudumu yale yanaweza kuleta faida nyumbani kwenu kwa njia ingine.

1. Kwa nini matobo yanaingia

Mtu wa kwanza anayeshangaa ni yule anayeona ekru sita zinapita bila shida. Anasema: «Angalia, ni kama ilitengenezwa kwa motokari hii!» Hakuna ajabu. Katika Hilux 4x4, bulo sita zinapangwa juu ya duara yenye upana wa milimita 139,7. Rimorki nyingi zilizotengenezwa kwa kipimo cha Amerika zina bulo sita juu ya duara ile ile. Kipimo kinafanana, basi janti inapita.

Lakini duara ya bulo ni kipimo kimoja tu. Kuna vingine vitatu ambavyo jicho halivioni haraka.

Cha kwanza ni tobo la katikati. Kitovu cha Hilux kinapita katika tobo la janti lenye milimita 106 hivi. Kama tobo la janti ya rimorki ni dogo kuliko hapo, janti haitakaa vizuri, na hapo fundi fulani anachukua shalumo na kulipanua kwa moto. Chuma kilichokatwa kwa moto kinabadilika ugumu wake, na tobo halibaki duara. Kama tobo ni kubwa mno, janti inashikwa na ekru peke yake, na ekru zisipokaa sawasawa, gurudumu litacheza.

Cha pili ni kina cha janti, ambacho mafundi wanakiita ofseti. Ni nafasi kati ya mstari wa katikati ya janti na pale inapogusa kitovu. Janti nyingi za rimorki zina ofseti ya sifuri: zinagusa katikati kabisa. Janti ya Hilux ya kuanzia mwaka 2005 hivi ina ofseti ya karibu milimita 30. Ukitia ile ya sifuri, gurudumu linatoka nje sentimita tatu kila upande. Unaweza kusema sentimita tatu ni nini? Kwa rulma ni nyingi. Uzito haukai tena pale rulma ilipotengenezwa kuubeba, unaivuta kwa pembeni kila siku. Kwa mbele, usukani unakuwa mzito, na kila shimo la njia linarudisha pigo katika mikono ya shofere.

Cha tatu ni kikao cha ekru. Ekru ya janti ya chuma ya Toyota ina ncha ya kwenda ikipungua, na janti ina kikao cha namna ile ile. Janti ingine ina kikao cha mviringo kama nusu ya mpira, na ingine ina kikao bapa. Ekru ya namna moja juu ya kikao cha namna ingine inagusa mahali padogo tu. Unaikaza kwa nguvu zako zote, unaona imekwisha. Baada ya kilometa hamsini imelegea.

2. Gurudumu linalofuata na gurudumu linalovuta

Sisi wa Katanga tumezaliwa karibu na reli. Reli ilifika Kambove mwaka 1913, na hata mtoto anajua tofauti ya lokomotivu na wagoni. Magurudumu ya wagoni yanabeba uzito mkubwa sana wa shaba, lakini hayavuti hata kilo moja. Yanafuata tu. Lokomotivu ndiyo inavuta.

Rimorki ni wagoni. Gurudumu lake halipewi nguvu ya injini. Halikati kona kwa usukani. Frena yake ni ndogo, ao haiko kabisa. Kazi yake ni moja tu: kubeba na kufuata. Ndiyo maana wanaotengeneza pine ya rimorki wanaipa ubavu mgumu ili mzigo usiyumbe nyuma, na mpira wa kuzunguka njia iliyonyooka. Hawakufikiri sana juu ya kushika njia.

Gurudumu la pikapu lina kazi ine kwa pamoja. Linabeba. Linasukuma motokari kwa nguvu ya injini. Linaigeuza. Linaisimamisha. Na saa unapokanyaga frena kwa haraka, uzito wa motokari unainama mbele, juu ya mapine mawili yale yale yanayopaswa kugeuka ili ukwepe mtoto ao baiskeli ya makala. Pine ambayo haikutengenezwa kwa kugeuka na kusimama, hapo ndipo inakuacha.

3. Pine inajieleza yenyewe

Hauhitaji kuamini maneno ya muuzaji. Chukua kitambaa chenye maji, pangusa ubavu wa pine, kiisha soma.

Ukiona herufi ST mbele ya kipimo, kwa mfano ST 205/75 R15, ni pine ya rimorki ya kipimo cha Amerika. Ukiona FRT, ni pine ya kipimo cha Ulaya ya gurudumu linalozunguka tu, lisilogeuza wala kusukuma. Ukiona neno TRAILER limeandikwa ubavuni, maana yake ni rimorki. Hizo zote si za pikapu.

Pine ya pikapu na kamionete ya mzigo kwa kawaida ina herufi LT mbele ya kipimo, ao herufi C nyuma yake, kama 195 R14 C. Motokari ndogo ya kutembea ina P ao haina herufi. Hiyo nayo si ya kubeba makala.

Baada ya kipimo kuna namba na herufi ingine. Namba ni uzito ambao pine moja inaweza kubeba: 100 ni kilo 800, 104 ni kilo 900, 108 ni kilo 1 000, 112 ni kilo 1 120. Herufi ni mwendo: J ni kilometa 100 kwa saa, L ni 120, N ni 140, Q ni 160, S ni 180. Mapine mengi ya ST, zaidi yale ya zamani, yalitengenezwa kwa mwendo usiopita kilometa 105 hivi kwa saa, hata kama hakuna herufi iliyoandikwa.

Mwisho tafuta neno DOT na namba ine za mwisho. Namba 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Rimorki ya kompresa inaweza kukaa miaka mingi mahali pamoja, chini ya jua, bila kutembea. Pine yake inaonekana mpya, manyoya yote yako, lakini mpira umekauka ndani. Kunja ubavu kidogo na angalia: ukiona nyufa ndogo ndogo kama udongo wa mwezi wa tisa, pine ile imezeeka hata kama haijatembea.

4. «Lakini hii iko nguvu kupita yako!»

Muuzaji atakuambia hivyo, na kwa upande mmoja hasemi uwongo. Pine ya rimorki mara nyingi inabeba uzito zaidi kuliko pine ya pikapu yenye kipimo kile kile. Lakini inabeba uzito ule ikiwa imejaa upepo mwingi sana, mara nyingi kilo 4 na nusu. Pikapu yako inahitaji mbele kilo 2 na kitu, na nyuma zaidi kidogo inapokuwa na mzigo. Kipimo chake kimeandikwa juu ya karatasi iliyobandikwa karibu na mlango wa shofere.

Hapo unaona shida. Ukitia kilo 2 katika pine ya rimorki, ubavu wake mgumu unajikunja kila mzunguko, unapata moto, na moto ndio unapasua pine, zaidi mwezi wa kumi wakati jua ni kali na njia inachoma. Ukitia kilo 4 na nusu, pikapu inaruka kama mpira juu ya kila jiwe, na katikati tu ya pine ndipo panapogusa njia. Hakuna kipimo cha upepo kitakachoridhisha pine na motokari pamoja.

Tuhesabu uzito kwa mfano. Pikapu tupu, kilo 1 700. Mzigo, kilo 1 000. Shofere na mwenzake, kilo 150. Jumla kilo 2 850. Kama nyuma kunabeba kilo 1 700, kila pine ya nyuma ina kilo 850. Basi pine yenye namba 100 haitoshi, yenye 104 inatosha kwa shida, yenye 112 inakuacha upumue. Na sote tunajua kwamba mifuko ya makala haiishi pale mwenye motokari aliposema iishie.

5. Mapine yasiyolingana

Wengine wanasema: «Basi nitie mawili tu nyuma, ao moja tu.» Hapo kuna hatari ingine. Kama pine ya kushoto ni kubwa kuliko ya kuume, diferansieli inafanya kazi bila kupumzika hata katika njia iliyonyooka, kama vile motokari iko katika kona siku nzima. Mafuta yake yanachemka, meno yanakwisha. Na kama mbele na nyuma hazilingani, siku utakapotia 4x4 ili utoke katika udongo wa Kambove mwezi wa pili, mbele kutaka kwenda haraka kuliko nyuma, na kitu fulani ndani kitavunjika. Bei ya kisanduku kile inapita bei ya mapine yote manne.

Tena usichanganye katika ekseli moja pine ya radiali, yenye herufi R katika kipimo, na pine ya zamani yenye mstari mdogo mahali pa R, kama 7.00-15. Hazikunjiki namna moja. Motokari itavuta upande mmoja saa ya frena.

6. Fikiri njia yenyewe

Njia ya taifa namba 1 inapita hapa kwetu. Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni kilometa 120 hivi, na juu yake zinapita kamyo nyingi zinazokwenda na kurudi kati ya Kolwezi, Fungurume na Kasumbalesa: zenye katodi za shaba, zenye asidi, zenye chokaa. Kamyo yenye rimorki na tani thelathini haiwezi kukwepa pikapu. Pikapu ndiyo inapaswa kukwepa. Kwa kukwepa inahitaji pine mbili za mbele zinazotii usukani, na kwa kusimama katika mvua inahitaji manyoya yanayosukuma maji pembeni.

Na nyuma ya pikapu ni nani anakaa? Mara nyingi ni mama wa samaki juu ya vitunga vyake, na vijana wawili waliopata njia ya kufika mujini. Hao hawakuulizwa juu ya pine. Mwenye motokari aliwaamulia.

7. Tufanye nini na franka kidogo

Tunajua hali. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka katika kazi kwa ile operesheni ya kutoka kwa hiari, na tangu pale katika nyumba nyingi motokari ya zamani ndiyo shamba. Hatuwezi kumwambia mtu anunue mapine manne mapya kwa siku moja. Basi tunashauri hivi:

Nunua mawili kwa mara moja, ya kipimo kimoja na alama moja, na uyatie katika ekseli moja. Baba wa Kikula aanze na ya mbele, kwa sababu pine inayoonyesha waya haipaswi kutembea hata kesho.

Kama mapya hayawezekani, tafuta okazioni ya kweli ya pikapu, LT ao C. Soma DOT. Pine yenye miaka zaidi ya sita iogope, yenye kumi iache. Mwambie kwado aitoe katika janti ili uone ndani: kama kuna kibandiko kikubwa ubavuni, irudishe.

Mashofere wa parkingi moja wanaweza kufanya likelemba ya mapine. Watu wanane, kila mmoja anatoa kiasi kidogo kila juma, na kila mwezi mmoja anapata mapine mawili. Wamama wa soko wanafanya hivyo kwa masafuria na kwa karo ya masomo. Kwa pine pia inawezekana.

Pima upepo kila juma asubuhi, kabla pine haijapata moto. Badilisha ya mbele na ya nyuma kila kilometa 10 000. Pine inayopimwa inakaa muda mrefu kuliko ile inayosahauliwa, na hiyo ni franka ambayo haukutoa.

8. Kama umekwisha kuyatia

Wengine wanaosoma ukurasa huu wanatembea tayari na magurudumu ya rimorki. Tusiwafanyie makelele, tuwaonyeshe dalili. Usukani unatetemeka kuanzia kilometa 60 ao 70 kwa saa. Motokari inavuta upande saa ya frena. Baada ya kilometa ishirini, simama na ukaribishe mkono karibu na kitovu: kama upande mmoja unatoa moto kuliko mwingine, rulma inateseka ao janti inasugua frena. Angalia pia kutu nyekundu kuzunguka ekru: ni alama kwamba janti inacheza.

Mpaka upate mengine: uyaondoe mbele kwanza, hata leo. Usibebe watu. Usipite kilometa 50 kwa saa. Kaza ekru kabla ya safari, na tena baada ya kilometa hamsini. Huu ni msaada wa siku chache, si ruhusa ya mwaka.

9. Na yale magurudumu mane?

Hapa tunarudi kwa mama, aliyeona kwamba bei ni nzuri. Ni nzuri kweli, kwa kazi yake. Kama mapine hayajazeeka, magurudumu mawili kati ya yale yanatosha rimorki ndogo ya kuvutwa na pikapu. Fundi mzuri wa kusudé anaweza kuitengeneza kwa vyuma vya mitraye, kwa vitovu vinavyolingana na janti zake, pamoja na mnyororo wa usalama na taa za nyuma. Mawili yanayobaki, moja ni la sekuru na moja la kuuzisha. Hapo pine ya rimorki inajazwa upepo wake wote, inabeba na kufuata, kama ilivyotengenezwa. Lakini mapine ya pikapu yenyewe yatangulie. Rimorki nyuma ya motokari isiyo na pine za mbele ni mzigo wa pili juu ya hatari ya kwanza.

Kinyume chake pia watu wanauliza: gurudumu la pikapu linaweza kukaa chini ya rimorki? Ndiyo, kama ni LT ao C, kama namba ya uzito inatosha, kama janti inakaa sawa juu ya kitovu, na kama limejazwa upepo vizuri. Lokomotivu inaweza kusukumwa kama wagoni. Wagoni haiwezi kuvuta kama lokomotivu.

Kazi ya nyumbani kwa mwezi huu, wazazi: mtume mtoto wa darasa la tano na kitambaa, maji na daftari. Aandike herufi na namba zote za mapine manne ya motokari, na ya sekuru pia. Kiisha kaeni pamoja mezani, mlinganishe na ukurasa huu. Na mwezi ujao tutaeleza mafuta ya frena.